Mama Rangi, Fundi wa Mabomba Mawili

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza ambacho binti mmoja alikiona siku moja ni kucha. Kucha za mkono wa kulia wa mama yake mdogo. Zilikuwa za kijani.

Haikuwa rangi ya kujipamba. Rangi ile ilikuwa imeingia chini ya kucha na kujipenyeza pembeni, kwenye ngozi, kama wino uliomwagikia kitambaa. Binti aliiona kwa sababu yeye hatazami watu usoni. Ana haya. Tangu utotoni, mtu akimsemesha, yeye hutazama mikono yake. Nyumbani wanamwita Kimya, na jina hilo tutalitumia hapa kwa ruhusa yake.

Leo tunamkumbuka mwenye kucha hizo. Mtaani alijulikana kama Mama Rangi. Alikuwa fundi bomba. Kazi yake ya miaka ya mwisho ilikuwa moja: kuhakikisha maji ya chooni hayaingii kwenye bomba la maji ya mvua. Tunarudia, wasikilizaji, kwa sababu ndiyo habari yote ya leo. Maji ya chooni yasiingie kwenye bomba la maji ya mvua.

Mama Rangi hakuanza na mabomba. Alianza na cherehani, chini ya dada yake mkubwa, ambaye ni mama mzazi wa Kimya. Dada huyu ni fundi cherehani anayeheshimika. Anashona sare za shule. Mdogo wake alikaa naye kibandani na kila siku ilikuwa vita. Mara kola imekaa kichwa chini, mara vifungo viko upande wa mgongo. Siku aliposhona suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja ukiwa umezibwa chini kama foronya, dada alizima cherehani.

"Sasa mwalimu aingize nini humu? Viazi?"

"Dada, samahani."

"Toka. Nenda ukashone mabomba huko!"

Alikuwa amekasirika tu, maneno yakamtoka. Lakini mdogo wake alikwenda kweli. Jirani alikuwa fundi bomba mzee, akamchukua wa kumbebea vifaa. Alibeba, akatazama, akashika spana mwenyewe. Dada alipokuja kujua, mdogo mtu alikuwa tayari anaitwa fundi.

"Nilimfukuza kwa hasira," dada ametuambia, "naye akanishukuru maisha yake yote. Kila akilipwa ananiletea sukari, anasema: hii ni ya ile suruali."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, ili mwelewe kucha za kijani, lazima mwelewe mabomba. Zamani mji huu ulikuwa na bomba moja chini ya kila barabara. Maji ya mvua humo, maji ya choo humo. Yote yalikwenda kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Siku ya jua hakuna tatizo. Mvua kubwa ikinyesha, bomba linajaa, mabwawa yanafurika, na kila kitu, narudia, kila kitu, kinaishia mtoni. Huko chini kuna watu wanafua. Kuna bustani za mboga zinamwagiliwa. Kuna watoto wasioweza kuona maji wakayaacha.

Ndipo barabara zikachimbwa na mabomba yakawa mawili. La kahawia ni la majitaka, linakwenda kwenye mabwawa. La kijivu ni la mvua, linakwenda mtoni moja kwa moja. Kazi nzuri. Ila ina mtego wake. Choo kimoja kikiunganishwa kwa makosa kwenye bomba la kijivu, uchafu wake hauendi tena kusafishwa hata siku ya jua. Unakwenda mtoni mbichi.

Kwa hiyo vyoo vyote vilipaswa kupimwa. Mama Rangi alipewa mitaa ya kilimani. Mwenzake alikuwa mwanamume mrefu mwembamba ambaye mafundi wote wanamwita Ngazi. Walipima hivi. Ngazi anamimina ndoo za maji safi kwenye bomba la kijivu, ili kitu kikiingia kisafiri haraka. Mama Rangi anaingia chooni mwa mtu, anatia unga wa kijani usio na sumu, anamwaga maji. Kule chini, bomba linapotokea mtoni, lazima awepo mtu wa kutazama. Maji yakitoka ya kijani, choo kile kimeunganishwa vibaya.

Mtazamaji wao wa kwanza aliacha kazi. Alisema harufu inamfuata mpaka mezani. Ndiyo siku Mama Rangi alipofika kwa dada yake, na Kimya akaziona zile kucha.

"Dada, nipe huyu."

"Umpeleke wapi? Shule kaacha darasa la tano kwa sababu hataki kusoma kwa sauti. Hata salamu anaitikia kwa kichwa."

"Mimi nataka macho yake. Sauti ninayo ya kutosha wote wawili."

"Hilo kweli," alisema dada. "Wewe ukiongea, hata walio ndani ya bomba wanasikia."

Kimya akaenda. Alipewa kiti kidogo cha plastiki, kofia, na sufuria kuukuu lisilo na mpini. Akiona kijani, alipige kwa jiwe. Sauti ya sufuria ilipanda kilima mpaka juu kabisa.

Na maji yakitoka meupe je? Hapo alitakiwa kupaza sauti: "Meupe!" Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Rangi mwenyewe, na ilikuwa na sababu. Mwanzoni walipiga sufuria kwa yote mawili. Mara moja ni kijani, mara mbili ni meupe. Siku moja mwangwi ukagonga kuta za kilima, mara mbili ikasikika kama mara moja, na wakavunja ukuta wa jiko la mtu asiye na kosa. Tangu hapo Mama Rangi akasema: "Sufuria ni la habari mbaya. Habari njema mtu aiseme kwa mdomo wake."

Kimya hakuweza. Sufuria alilipiga vizuri sana. Lakini maji yakitoka meupe, alisimama, akafungua mdomo, na sauti haikupanda hata kufika kwenye jiwe lililo mbele yake. Basi Mama Rangi, kila akiona kimya kimezidi, alishuka kilima kizima kwa miguu. Magoti yalikuwa yanamuuma. Alifika akihema, akayatazama maji, akamtazama mtoto.

"Meupe?"

Kimya anatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Nimeshuka. Siku moja utaniita nikiwa kule kule juu, na mimi sitashuka."

Hakumgombeza hata siku moja. Ngazi ndiye aliyelalamika. "Fundi, tafuta mtu mwenye koo!" Naye alimjibu, "Wewe una koo refu kuliko wote hapa, na umeona nini nalo?"

Watu waliwazoea. Watoto wakimwona anakuja na kopo lake la unga walikimbia wakipiga kelele, "Mama Rangi huyo, ficheni vyoo!" Yeye aliwajibu, "Vificheni, nitavisikia vinavyokoroma!" Wenye nyumba wengine walinuna. Hakuna anayependa mgeni aanze na choo. Lakini waliokutwa na makosa walichimba, wakageuza mabomba yao, na mtaa baada ya mtaa ukamalizika.

Ukabaki mmoja. Mtaa wa dada yake.

Sikilizeni vizuri hapa. Bomba la kijivu, siku ya jua, linatakiwa liwe kavu. Hakuna mvua, hakuna maji. La mtaa ule halikukauka. Wiki nzima ya jua kali lilitoa kijitiririko chembamba chenye harufu. Nyumba zote zilikuwa zimepimwa, isipokuwa moja. Dada mkubwa alikuwa amesema, "Mimi nimeshaunganisha, fundi wangu ni mzuri, na sakafu imeshawekwa vigae. Unataka kunipima mimi?" Mama Rangi akaamini. Dada ni dada.

Asubuhi moja Kimya alikuwa amekaa kwenye kiti chake mtoni. Mdomoni mwa bomba kuna wavu wa chuma wa kukamata takataka. Kwenye wavu ule aliona kitu kidogo cha njano. Akainama. Ulikuwa uzi, vipande vya uzi vilivyojikunja pamoja. Kimya amekuwa akitunga sindano tangu utotoni. Uzi ule aliujua. Ni uzi wa kushonea nembo kwenye sare za shule, na mtaani pale anayeshona nembo ni mtu mmoja. Kila jioni mtu huyo anapiga deki kibanda chake, na maji ya deki anayamwaga chooni.

Mtu huyo ni mama yake.

Hakupiga sufuria. Hakukuwa na kijani. Alipanda kilima, akamkuta mama yake mdogo anakunywa chai na Ngazi kando ya chemba ya mabomba iliyofunuliwa. Akamfungua kiganja, akauweka uzi humo, akakifunga.

Mama Rangi aliutazama kwa muda. "Huu uzi nimeushonea suruali ya mwalimu mkuu," alisema. Hakucheka.

Walikwenda. Ngazi alibaki mlangoni, akijifanya anafunga kamba za viatu. Dada alikuwa kwenye cherehani.

"Dada, naomba nipime choo chako."

"Nilishasema."

"Ulisema. Naomba nipime."

"Umeingia vyooni mwa watu mtaa mzima, leo zamu yangu. Majirani wanatazama! Unajua vigae hivi nimevipataje? Nimeshona mpaka macho yanaona sindano mbili."

"Najua, dada. Ndiyo maana natia unga tu. Kikiwa sawa, naondoka na kukuomba radhi mbele yao hao wanaotazama."

"Mwaga! Mwaga basi uone aibu yako. Na wewe," akamgeukia binti yake, "nenda ukakae na sufuria lako. Tuone kama utampigia mama yako."

Kimya alishuka mtoni. Ametuambia kwamba siku hiyo kilima kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Alikaa. Maji safi ya Ngazi yakafika kwanza. Kisha ukaja ukanda mwembamba, kama utepe. Kisha bomba zima likatoa kijani.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akitazama. Angeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiko anakokujua. Chini kidogo ya bomba kulikuwa na mwanamke anafua, mtoto wake mdogo ameingia maji ya kiunoni, anayapiga piga kwa viganja. Kijani kilikuwa kinamwendea.

Kimya akachukua jiwe, akalipiga sufuria.

Kule juu cherehani ilisimama. Dada alimwambia mdogo wake neno moja, "Toka," lile lile la siku ya suruali. Safari hii alilimaanisha. Baadaye aliongeza, na majirani walisikia: "Umemtumia mtoto wangu kunichongea kwa mto."

Mama Rangi hakubishana. Pale pale mlangoni alisema, "Dada, mto ule ndimo ulimokuwa ukiniosha nywele nikiwa mtoto. Wewe ndiye uliyeniosha." Akaondoka.

Miezi ikapita wakiwa hawasemeshani. Ofisi ya maji ya mji ilimpa dada muda wa kurekebisha, naye hakugusa kitu. Ngazi alishauri waweke kizibo kwenye bomba lake chini ya barabara, wakate kabisa. Mama Rangi alikataa. "Nikimzibia choo dada yangu, mto utakuwa safi na mimi nitakuwa sina pa kwenda." Akaendelea kupita na kopo lake mitaa mingine ya mji. Miguu yake ilianza kuvimba. Daktari akasema ni moyo.

Kisha mvua zikaja, wasikilizaji, zile kubwa. Mto ukajaa mpaka ukaufunika mdomo wa bomba la kijivu. Maji ya mvua yaliyokuwa yakishuka kutoka juu zaidi ya kilima hayakuwa na pa kutokea. Yakarudi nyuma, yakatafuta tundu, na tundu lililobaki wazi ndani ya nyumba ya mtu lilikuwa moja. Choo cha dada mkubwa. Maji yalipanda chooni, yakavuka kizingiti, yakatandaza uchafu juu ya vigae na kuingia chini ya sare zilizokunjwa.

Dada alisimama juu ya kiti. Kimya alikuwa na ufagio. Kisha mama akasema, bila kumtazama, "Kamwite mama yako mdogo."

Mama Rangi alikuja na ndoo, viatu vya mpira na miguu iliyovimba. Hakusema "nilikuambia". Dada alikuwa amejiandaa kujibu neno hilo, na lilipokosekana akashuka kitini. Wakakomba maji pamoja mpaka mvua ikakatika.

"Sasa utavivunja," alisema dada, akitazama vigae.

"Nani kasema?"

Basi Mama Rangi alikaa chini, miguu imenyooshwa, na kwa waya mwembamba na patasi bapa akavitoa vigae vile kimoja kimoja vikiwa vizima. Kazi ya saa chache aliifanya siku nyingi. Dada alivipokea, akavisugua, akavipanga ukutani kama sahani. Walianza kwa kuongea habari za vigae tu. Baadaye wakaongea habari za suruali, na Kimya, aliyekuwa akichota mchanga nje, akasikia wanacheka kwa pamoja. Kigae kimoja tu kilipasuka, cha nyuma ya mlango. Mahali pake pakawekwa cha rangi nyingine.

Chini ya sakafu kosa lilionekana. Siku ya kuunganisha, matope yalikuwa yamefunika mabomba yote mawili shimoni. Kijivu na kahawia zilikuwa rangi moja. Yule fundi wa harakaharaka alichagua lililokuwa karibu. Mama Rangi aliliziba, akaongeza bomba, akaliunganisha na la kahawia. Vigae vikarudishwa. Kilichobaki kilikuwa kupima.

Hakuwahi kupima. Alilazwa kabla.

Hospitalini alikuwa anavuta pumzi kwa shida lakini mdomo ulikuwa ule ule. Alimwambia muuguzi kwamba sinki la wodi linapitisha maji vibaya, anasikia. Kimya alipoingia, akamuuliza, "Mmepima?"

Kimya akatikisa kichwa. Bado.

"Msinisubiri. Mwambie mama yako ndiye amwage unga, kopo liko kwangu chini ya meza. Lakini wewe, safari hii, niite. Magoti yangu yamestaafu. Usinifanye nishuke."

Kimya alishika mkono wake. Alitazama zile kucha.

Mama Rangi alifariki siku mbili baadaye. Ngazi alibeba jeneza upande wa mbele, na kwa urefu wake ikabidi akunje magoti njia nzima ili walio kando yake wasibebe hewa. Watu walicheka huku wakilia. Angelipenda hilo.

Baada ya mazishi walipima. Siku ya jua. Ngazi alimimina maji yake. Dada mkubwa, ambaye hakuwahi kugusa unga ule, alitia mkono mzima koponi akaumwaga chooni. Mtoni Kimya alikuwa kwenye kiti chake, sufuria miguuni. Maji yakafika. Akasubiri. Akasubiri zaidi ya inavyotakiwa. Yakaendelea kutoka kama yalivyoingia, mpaka yakaisha na bomba likabaki linadondosha tone moja moja.

Alisimama. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

Akapanda kilima. Mama yake alikuwa mlangoni, mkono mmoja ameuinua mbali na gauni.

"Vipi?"

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

Mama aliingia ndani kunawa. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga.

"Rangi hii haitoki," alisema.

Binti akamletea sabuni nyingine.

"Iache," alisema mama. "Iache hapo hapo."

Dada mkubwa ametuonyesha kucha za mkono huo alipokuja hapa studio. Bado ni za kijani.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa dada mkubwa aliyebaki bila mdogo wake. Tunatoa pole kwa Ngazi na mafundi wote wa mabomba. Tunatoa pole kwa wenye nyumba wa kilimani waliomnunia Mama Rangi na baadaye wakaja mazishini.

Na tunaomba jambo moja. Leo, ukimaliza kumwaga maji chooni kwako, jiulize yanakwenda wapi. Kama hujui, muulize fundi wako, na asikujibu kwa maneno, akuonyeshe. Mabomba ni mawili. Moja linakwenda kusafishwa. Lingine linakwenda kwa yule mtoto anayepiga maji kwa viganja.

Kimya yuko nasi humu studio tangu tulipoanza. Amekaa kwenye kiti cha pembeni akitazama mikono ya fundi mitambo. Tulimwomba azungumze, akakataa kwa kichwa, nasi hatukumlazimisha. Amesimama sasa hivi. Anakuja kwenye kipaza sauti. Tumpishe.

"Mama mdogo. Meupe. Usishuke."